Kilo Ishirini na Tatu

Sinyora Ornella, sanduku langu limepimwa
kwenye mizani ya unga, dukani kwa Mahfudhi.
Limezidi kilo mbili na robo.
Watoto wa Barani wamejazana mlangoni
kana kwamba ninayepimwa ni mimi.

Wewe ulikuja na masanduku matatu.
Nakumbuka, maana niliyafungua mimi:
dawa ya mbu ya kutosha mtaa mzima,
buti za mvua,
ile sufuria ya kahawa yenye kiuno,
na kamusi mpya iliyonukia gundi.

Asubuhi ya kwanza majirani wakapiga hodi
nawe ukatoka mbio, mikono wazi:
"Kaburini! Kaburini ndani!"
Mama Sidi akarudi nyuma hatua tatu.
Mimi nikaingia jikoni, nikafunga mlango,
nikacheka hadi nikashika ukingo wa sinki,
kisha nikatoka, uso mkavu, nikakusahihisha.

Nilikufunza kidogo kidogo:
kwamba anayeuliza umeamkaje hataki habari za tumbo lako;
kwamba Sabaki ukifurika, bahari hugeuka chai ya maziwa
na hapana aliyeichafua, usimpigie mtu simu;
kwamba bei ya kwanza ya pweza si bei, ni salamu.
Wasema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nilikupa mbuzi ya nazi,
ukaikalia kama mtu anayesubiri hukumu.
Ukajikwaruza kidole, ukalia sana,
na sote wawili tulijua si kidole.

Miaka kumi na tisa.
Sasa nyonga yako imevunjika huko Brescia
na binti yako amenitumia mkataba wa kurasa tisa:
"Mbodze, mama anakutaka wewe tu."
Nimetia sahihi kila kona.
Nimepigwa picha, masikio nje.
Nimekalia benchi la Nairobi siku mbili
kwa muhuri usiozidi ukucha.
Karisa ameninunulia koti la mtumba;
nimelivaa saa sita mchana, uani,
nikajaribu kuiwazia baridi,
jasho likanicheka.

Nina maswali ambayo mkataba haukuyajibu.
Nikikutana na mtu kwenye ngazi, nani aanze salamu?
Jirani akifiwa, napeleka nini?
Nikiitwa kula, nikatae mara ngapi ndipo nikubali?
Jumapili, nikishakuogesha,
mtu kama mimi hukaa wapi?

Na lugha yenu. Niliyoiokota kwako
ni ya jikoni na ya kuwafokea mafundi bomba;
ya kumwambia daktari sina.
Bibi mwamwita nona, nami nasikia nenepa.
Nyumba mwaiita kasa.
Siku uliponiambia twende kasa
nilidhani tunashuka ufukweni kutazama mayai.
Nimelifikiria sana neno hilo wiki hii,
nikikunja, nikikunjua:
kasa hapimwi dukani.
Nyumba yake haizidi kilo.

Nimetoa kanga mbili. Nimetoa mwiko.
Nimetoa chumvi ya Gongoni, maana Mahfudhi asema
Ulaya kuna chumvi, wewe mwanamke.
Mbuzi ya nazi nimekataa kuitoa.
Ni ile ile, yenye alama ya damu yako karibu na meno.
Kama huko kuna nazi, sijui. Sikuuliza.

Basi nikifika, nikikosea neno mbele ya wageni,
usiniokoe haraka.
Nenda, najua u kwenye kiti cha magurudumu, lakini nenda
mpaka jikoni, funga mlango,
cheka hadi ushike ukingo wa sinki.
Kisha toka, uso mkavu.